“Mtoto Huyu Hasikii”

Kwa Kiswahili chetu mtoto akiitwa asiitike, hasikii. Akikatazwa kupanda mkarafuu akapanda, hasikii. Akitumwa dukani chumvi akarudi na sukari, hasikii vilevile. Mtoto mtiifu tunamwita msikivu, na aliyeshindikana tunamsomea kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Lugha imetia sikio na adabu katika chungu kimoja, na mara nyingi haina kosa. Lakini wapo watoto, tena si wachache, tunaowatia adabu ilhali kinachoumwa ni sikio.

Mpwa wangu wa Wete, Pemba, alikuwa mmoja wao. Alipofika miaka mitano maneno yake yalikuwa machache, yamekatikakatika, na wasiomzoea hawakumwelewa. Skuli ya maandalizi alisemwa mtukutu. Bibi yake alishikilia kuwa ana udata, akatwe ngozi ya chini ya ulimi. Duka la dawa walimpa dawa ya maji ya mafua, chupa baada ya chupa. Aliyeona ni maalim wake wa chuo cha Kurani. Alimwita dada yangu akamwambia: “Mama, kijana huyu si mkaidi. Nikimsomea ananitazama mdomo, ananifuata. Nikimsomea nikiwa nyuma yake, hunyamaza.”

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza madaktari na wauguzi, nikisoma kila ninachokipata. Kilichonichelewesha kuelewa ni neno lenyewe “masikio”. Tunasema mtoto anasumbuliwa na masikio, na ndani ya usemi huo tumekusanya mambo manne: sikio linalouma, sikio linalovuja, sikio lililojaa maji kimya bila maumivu wala usaha, na sikio ambalo hitilafu yake iko ndani kabisa. Dawa ya moja haifai kwa jingine, na wakati mwingine humdhuru mtoto.

Chumba cha hewa

Vijana wanaojirusha baharini kutoka ukuta wa Forodhani, mjini Unguja, wanalijua jambo ambalo wanafunzi wa udaktari hulisoma vitabuni: ukishazama, kelele za wenzako walio juu ya ukuta hukatika. Sauti inayosafiri hewani ikigonga maji hurudi ilikotoka karibu yote. Kinachopenya ni kama sehemu moja kwa elfu.

Shida ya sikio ni hiyohiyo. Kiungo kinachosikia hasa, koklea, kimejikunja kama kombe la konokono ndani ya mfupa wa kichwa, na kimejaa maji. Sauti za dunia zinakuja kwa hewa. Zingegonga maji yale moja kwa moja, sote tungekuwa tunaishi chini ya ukuta wa Forodhani.

Kazi ya kuvusha sauti kutoka hewani hadi majini ni ya sikio la kati. Huko mwisho wa tundu la sikio umewambwa utando mwembamba kama ngoma, upana wake karibu sentimita moja, tuuite kiwambo. Nyuma yake kuna chumba kidogo, na ndani ya chumba mna mifupa mitatu iliyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndio mfupa mdogo kuliko yote mwilini, urefu wake kama milimita 3, punje ya mchele ni ndefu kuliko huo. Sauti hutikisa kiwambo, kiwambo hutikisa nyundo, nyundo fuawe, fuawe kikuku, na kikuku hupiga kidirisha cha koklea. Eneo la kiwambo ni takriban mara 17 ya unyayo wa kikuku, kwa hiyo msukumo uliotawanyika pakubwa hukusanywa mahali padogo, kama uzito wa mtu unavyokusanyika kwenye ncha ya msumari. Hivyo sauti hupata nguvu ya kuingia majini.

Yote haya yana sharti moja: chumba cha mifupa kiwe na hewa, na hewa hiyo iwe sawa na ya nje.

Hewa huingia kwa mrija unaotoka nyuma ya pua, juu ya koo, hadi sikio la kati. Mtaalamu wa Kitaliano Bartolomeo Eustachi aliueleza katika karne ya 16 na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kawaida mrija huo umefumba. Hufunguka kidogo kila tunapomeza au kupiga miayo. Aliyepanda ndege ndogo kutoka Unguja kwenda Pemba anaujua hata kama hajawahi kuusikia ukitajwa: ndege ikianza kushuka masikio huziba, unameza mate, yanazibuka. Kitoto kichanga hakijui kumeza kwa makusudi, kwa hiyo hulia. Mama akikipa ziwa wakati ndege inashuka, kitatulia.

Mrija wa mtu mzima ni mrefu na una mteremko, kamasi zikipotea njia hushuka zenyewe. Wa mtoto ni mfupi, mwembamba, na umelala karibu usawa. Mafua kidogo tu yanauvimbisha na kuuziba. Nyama za puani zikikua zinaukalia mlango wake. Mtoto huyo utamjua kwa kukoroma na kulala mdomo wazi. Na mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, misuli inayoufungua mrija haina pa kushikia, ndiyo maana karibu wote hupata maji masikioni. Wengi hushonwa wakapona mdomo, na masikio yakasahauliwa.

Linalouma na linalovuja

Sikio linalouma linajitangaza. Mtoto ana mafua, siku ya pili au ya tatu usiku anaamka analia, ana homa, analivuta sikio, hataki kulilalia. Vijidudu vimepanda kwa mrija, chumba kimejaa usaha, kiwambo kimevimba kwa ndani. Mpeleke kituo cha afya. Atapewa dawa ya kutuliza maumivu, na tabibu akishamtazama sikio ataamua kama anahitaji antibayotiki. Kinga zipo: kunyonyesha, kutompa mtoto chupa akiwa amelala chali, kumweka mbali na moshi wa sigara, na chanjo ya nimonia ambayo watoto wa Tanzania, Zanzibar wakiwemo, wanaipata tangu mwaka 2013. Bakteria inayozuiwa na chanjo hiyo ni miongoni mwa wanaoharibu masikio.

Wakati mwingine kiwambo hupasuka, usaha ukatoka, na maumivu yakapoa mara moja. Mzazi hushukuru, na mara nyingi ni kweli kwamba tundu litajiziba. Lakini lisipojiziba, hapo ndipo linapoanza sikio linalovuja.

Sikio likitoa usaha kwa wiki mbili au zaidi, jambo limeshakuwa sugu. Linalonisikitisha ni jinsi tunavyolizoea. Mtoto ana harufu sikioni, nzi wanamfuata, wenzake wanamkimbia, na watu wazima wanasema atakua, yatakauka. Yanaweza kukauka, lakini tundu likabaki, na mvua za masika zikija au mafua yakirudi usaha huanza upya. Kiwambo chenye tundu hakikusanyi sauti sawasawa. Usaha ule ukiendelea kukaa hula mifupa midogo, na ukipenya kwenye mfupa wa nyuma ya sikio unaweza kuufikia ubongo. Mtoto anayevuja sikio ukimwona amevimba nyuma ya sikio, sikio limesukumwa mbele, au ana homa kali na shingo ngumu, siku hiyohiyo afike hospitali, hata kama ni kukodi gari usiku.

Matibabu yake ya msingi hayana gharama kubwa ila yanataka subira: sikio likaushwe. Shirika la Afya Duniani linaelekeza hivi. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya, au karatasi laini isiyokatika, ukisokote kiwe utambi. Uingize taratibu sikioni, uuache mpaka uloane, uutoe, uweke mwingine, mpaka utoke mkavu. Mara tatu kwa siku. Njiti zile zenye pamba hazifai, maana husukuma uchafu ndani na kuacha nyuzi. Baada ya kukausha ndipo huingizwa matone ya antibayotiki aliyoandika daktari, na kwa sikio sugu yanayopendekezwa ni ya jamii ya siprofloxasini, kwa wiki mbili. Matone yakitiwa juu ya usaha hayafiki kunakotakiwa, na watu huishia kusema dawa haikusaidia.

Hapa kuna onyo ambalo sijui kwa nini halisemwi kwa sauti kubwa zaidi. Matone yenye gentamisini hutiwa masikioni bila kutazama kama kiwambo ni kizima. Dawa hiyo ikipita kwenye tundu na kufika koklea inaweza kuua chembe za kusikia, ambazo zikifa hazioti tena. Ukinunua matone ya sikio, uliza yana nini ndani, na waambie mtoto anatoka usaha.

Mafuta ya nazi ya moto, kitunguu thomu kilichopondwa, maziwa ya ziwa, unyoya wa kuku wa kuchokolea: nayajua yote, nimefanyiwa mimi mwenyewe utotoni na watu walionipenda. Juu ya kiwambo kizima mafuta ya vuguvugu pengine hayana madhara. Kwenye kiwambo kilichotoboka unapeleka chakula cha vijidudu ndani ya chumba kisicho na mlango wa kutokea.

Bahari nayo inalaumiwa kuliko inavyostahili. Mtoto mwenye kiwambo kizima akiogelea maji hayafiki sikio la kati; kuwasha na kuuma anakopata ni ugonjwa wa tundu la nje, unaotibika upesi. Mwenye tundu ndiye asizame, na akioga azibwe kwa pamba iliyopakwa mafuta mazito.

Sikio lisilolalamika

Sasa lile la tatu. Ndilo lililomkamata mpwa wangu.

Mrija ukiziba muda mrefu, hewa iliyomo chumbani hunywewa na ngozi ya ndani, na nafasi yake hushikwa na majimaji. Yakikaa yanakuwa mazito. Mifupa mitatu iliyoumbwa icheze hewani sasa inacheza ndani ya ute wa bamia. Hakuna homa, hakuna usaha, kiwambo hakikutoboka. Ukitazama kwa nje sikio ni zima. Mtoto anakula, analala, anacheza, na hawezi kukwambia kuwa dunia imepungua sauti, kwa sababu hakumbuki ilivyokuwa.

Kwa kawaida maji hayo humpunguzia mtoto usikivu wa desibeli, yaani vipimo vya ukubwa wa sauti, 25 hadi 30 hivi. Mazungumzo ya kawaida yana kama 60, mnong’ono kama 30. Ziba masikio yako kwa vidole umsikilize mwenzako aliye upande wa pili wa chumba: sauti unaisikia, maneno yanakupotea. Na kiwango hicho hupanda na kushuka, wiki hii afadhali, wiki ijayo vibaya, jambo linalomkosesha mtoto imani ya watu. “Akitaka husikia,” tunasema. “Akiitwa kula mbona huja?” Anaitwa kula kwa sauti ya juu, kwa neno analolijua, saa anayoijua, na harufu ya mchuzi imeshamfikia.

Ni hali iliyoenea mno. Katika nchi za Ulaya ambako imepimwa kwa miaka mingi, kiasi cha watoto 8 kati ya 10 huwa wamewahi kuipata kabla ya miaka 10. Baada ya sikio kuuma na kupona, mwezi mmoja baadaye watoto 4 kati ya 10 bado wana maji. Baada ya miezi mitatu anabaki 1. Kwa hiyo sitaki kumtisha mzazi: wengi hukauka wenyewe na usemi wao haudhuriki. Anayeumia ni yule aliyejaa masikio yote mawili kwa miezi na miezi, katika umri ule ule wa kuokota maneno.

Anapoteza nini hasa? Madaktari wengi walioandika juu ya jambo hili wanatoa mifano ya lugha zao. Mimi nimelitazama kwa Kiswahili, na hili ndilo ninaloliona. Mkazo wetu unaanguka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hiyo ndiyo inayosikika mbali. Sasa chukua maneno mawili: ushike, usishike. Mkazo wote uko kwenye “shi”. Kinachotenganisha amri na katazo ni “si” ndogo isiyo na mkazo, iliyobebwa na s, ambayo ni miongoni mwa sauti hafifu kabisa tunazotamka. Uguse, usiguse. Upande, usipande. Mtoto mwenye ute masikioni akiambiwa kwa mbali asipande mkarafuu, anaweza kabisa kusikia ruhusa. Halafu anachapwa kwa kutosikia.

Viambishi vyetu karibu vyote vinaishi mahali hapo penye kivuli, mwanzoni mwa neno kabla ya mkazo: ki- na vi-, ni- na u- na a-, na ile ha- ya kukanusha. Kila mtoto mdogo wa Kiswahili huviangusha kwanza, akasema “mevunjika” kwa “kimevunjika”, kisha huviokota kimoja kimoja kwa kuvisikia mara elfu. Asiyevisikia vizuri huchelewa kuviokota, na maneno yake yakabaki ya kitoto wakati wenzake wamesonga.

Chuoni tatizo hilo linajitokeza waziwazi. Tajwidi, kanuni za kusoma Kurani, haikubali kukisia: sini si shini, thaa si sini, swadi ina mahali pake. Maalim humsikiliza mtoto mmoja mmoja, ana kwa ana, na sikio lake limefunzwa kupambanua herufi kwa herufi. Mwalimu wa skuli mwenye darasa lililojaa hana nafasi hiyo. Kwa hiyo mimi sishangai kuwa maalim ndiye aliyeona, na ningependa kila daktari anayeletewa mtoto aliyechelewa kusema aulize: maalim wake anasemaje?

Matibabu ya sikio hili ni magumu kuyaeleza kwa mzazi kwa sababu yanaanza kwa kungoja. Mtoto akishapimwa na maji yakaonekana, kwa kawaida husubiriwa miezi mitatu kisha hupimwa tena. Katika muda huo antibayotiki haziyaondoi maji, wala dawa za mzio, wala za kukausha mafua. Hapo ndipo zilipopotelea fedha za dada yangu, chupa baada ya chupa, na hakuna aliyemtazama mtoto sikio kabla ya kumuuzia. Maji yakigoma na usikivu ukawa chini, daktari wa masikio, pua na koo anaweza kutoboa kiwambo tundu dogo na kupachika kijirija cha kupitisha hewa, ambacho hukaa miezi 6 hadi 12 kisha huanguka chenyewe. Nyama za puani zikiwa ndiyo sababu, huondolewa. Wengine hupewa kifaa cha kusaidia kusikia kwa muda.

Kungoja si kukaa bure. Mfuate mtoto alipo yeye, usimwite kutoka jikoni. Mguse bega, akutazame, ndipo useme. Zima televisheni unapozungumza naye. Usipige kelele, maana kelele huharibu maneno. Sema wazi, karibu, polepole kidogo. Skulini na chuoni aketi mbele. Katazo liseme kwa namna isiyotegemea “si” peke yake: “Acha, shuka chini.” Dada yangu alipoanza hivyo, utukutu wa mwanawe ulipungua ndani ya mwezi, na maji yalikuwa bado yamo.

Ulimi hauna hatia

Udata upo, na kwa kitoto kichanga unaweza kuzuia kunyonya vizuri. Kwa mtoto mkubwa unaweza kutatiza sauti chache kama r. Haumfanyi mtoto akose maneno. Mtoto asiyejua jina la kikombe hakuzuiwa na ngozi ya chini ya ulimi. Kumkata nyumbani, ulimi au kimio, ni kumtia kwenye hatari ya kuvuja damu na kuoza kidonda kwa ugonjwa ambao hauko kinywani. Vivyo hivyo lugha mbili hazicheleweshi usemi, wala kusikia Kipemba nyumbani na Kiswahili cha vitabuni skulini. Wapo pia watoto wanaosikia vizuri na bado wanachelewa kusema kwa sababu nyingine, usonji ukiwa mojawapo, lakini hata kwao kipimo cha kwanza ni cha masikio.

Na yule tunayemwita bubu, mara nyingi kinywa na koo lake ni vizima. Hakusema kwa sababu hakusikia.

Ndani kabisa

Koklea ina chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 kila upande, zinazogeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa neva. Kwa binadamu zikifa hazioti tena. Huziua kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali ya kichanga yasiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, surua, matubwitubwi, na rubela aliyoipata mama akiwa mjamzito. Wengine hurithi. Sindano za gentamisini huokoa maisha ya vichanga na hazikataliwi, lakini mtoto aliyezipata kwa muda mrefu apimwe masikio baadaye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 60 ya upotevu wa usikivu utotoni unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika. Chanjo ya surua na rubela, inayotolewa pamoja nchini tangu 2014, ni sehemu ya kazi hiyo.

Hapa muda ni kila kitu. Kwa miezi sita mtoto anapaswa kugeukia sauti. Karibu mwaka, neno la kwanza. Miaka miwili, maneno mawili pamoja: “mama maji”. Usitulizwe na kuwa alipokuwa mchanga alikuwa akitoa sauti. Hata mtoto kiziwi hutoa sauti miezi ya mwanzo, kisha hupoa. Wala usimpime kwa kubamiza mlango au kupiga makofi nyuma yake, kwani anahisi upepo na mtikisiko wa sakafu. Kuna vipimo vinavyosoma sikio na neva mtoto akiwa amelala, visivyohitaji ajibu lolote.

Vifaa vya kusikia humsaidia mwenye mabaki ya usikivu. Kwa asiyenufaika navyo kuna upandikizaji wa kifaa ndani ya koklea, ambao Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, iliuanza mwaka 2017. Na ipo lugha ya alama, ambayo naomba isichukuliwe kuwa ni ya walioshindwa. Mtoto anahitaji lugha kamili mapema, iwe ya mdomo au ya mikono. Anayekosa zote mbili mpaka miaka saba amenyimwa zaidi ya masikio. Chama cha Viziwi Zanzibar, CHAVIZA, kina watu wanaoweza kumwambia mzazi mambo ambayo mtu anayesikia hawezi kumwambia.

Siku ya kupimwa

Anza kituo cha afya kilicho karibu, uombe atazamwe ndani ya sikio kwa taa, masikio yote mawili. Ukipewa rufaa, Pemba hospitali kubwa ni Wete, Chake Chake na Abdulla Mzee pale Mkoani. Unguja ni Mnazi Mmoja. Uliza kwanza mtaalamu wa masikio yupo siku gani, ili usipoteze nauli. Nenda na majibu ya mambo matatu: usikivu ulianza kupungua lini, kama aliwahi kuvuja sikio, na kama anakoroma.

Mpwa wangu alipimwa kwa mchezo. Dada alikuja na kete za bao kutoka nyumbani, na mpimaji akamvisha visikizi akamwambia kila akisikia mlio, hata mdogo kama mbu, atie kete moja katika shimo. Nilikaa pembeni nikimwona anangoja, mkono umeinuka, kete haianguki, nami nikijua mlio umeshapita. Picha ya kipimo cha kiwambo ilitoka bapa, kumaanisha nyuma yake hapakuwa na hewa.

Tulingoja miezi mitatu. Sikio la kulia likakauka, la kushoto likachukua mitatu mingine. Maneno hayakuja kwa pamoja. Yalikuja kama maji ya mfereji uliokuwa umefungwa, kwanza kwa kukohoa. Juzi nilikuwa uwanjani kwao nikamwambia, kwa sauti ya kawaida na nikiwa nyuma yake, asipande ule mkarafuu. Aligeuka.

“Mjomba, kwa nini nisipande?”

Ile “si” niliisikia wazi.